Subaru ya turbo inatetemeka ikiwa silensa: mwongozo kamili wa kuutafuta ugonjwa kabla hujanunua spea

Wanaonifuata na tatizo hili wanakwama mahali palepale. Gari inatetemeka kwenye foleni ikiwa silensa (injini inaunguruma bila mafuta kukanyagwa), mshale wa RPM unapanda na kushuka, ukiachia mafuta ukikaribia taa za barabarani, inazima. Mwenye gari anabadilisha plagi, haiponi. Anabadilisha koili zote nne, haiponi. Anaambiwa kontroboksi (kompyuta ya gari) imekufa, ananunua ya mtumba, na sasa gari haiwaki kabisa.

Na mimi nimepita humo. Nilinunua koili nne na pampu ya mafuta kabla ya kugundua kwamba mgonjwa wangu alikuwa mpira mmoja uliochanika upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Pampu ya zamani bado ipo kabatini, nzima kabisa.

Nimeandika nikilenga Forester na Impreza za turbo zenye injini ya EJ20 za miaka ya mwanzo ya 2000, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Ukiwa na gari nyingine ya zamani yenye turbo na sensa ya kupima hewa inayoingia, mpangilio ni uleule. Vipimo vichache tu vitatofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo

- Soketi na spana namba 10, 12 na 14, ekstensheni fupi na ndefu, na soketi ya plagi ya milimita 16
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, plaisi, tochi yenye mwanga mkali na kioo kidogo cha mkono
- Multimita ya kawaida
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari (maelezo yapo hatua ya 2)
- Dawa ya kupulizia ya kusafishia sensa ya hewa, na nyingine ya kusafishia throto (mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini). Ni makopo mawili tofauti, usiyachanganye
- Kifuniko cha bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi, vali ya tairi ya tyubulesi, na pampu ya tairi yenye geji
- Chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya kuoshea vyombo
- Klipu mpya za mipira, saizi mbalimbali, na mita moja moja ya mpira wa vakyumu wa silikoni
- Daftari. Sitanii. Ukibadilisha vitu viwili bila kuandika, hutajua kipi kilisaidia

Geji ya kompresheni na geji ya presha ya mafuta usinunue. Azima au lipia gereji siku ukifika hatua hizo; wengi hawafiki.

## Tahadhari

Turbo na mabomba yake hubaki na joto la kuunguza muda mrefu baada ya kuzima. Plagi na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) usiziguse kabla injini haijapoa kabisa. Vichwa vya injini ni aluminiamu, na nyuzi za plagi hung'oka kirahisi zikiwa za moto.

Kuna fundi atakayekuja na kopo la dawa ya breki au petroli kwenye sindano, apulizie juu ya injini inayounguruma ili "kusikiliza inapovuja". Mkatalie. Kwenye injini ya kawaida ni hatari, kwenye injini yenye turbo ni kuitafuta zimamoto. Njia ya maji ya sabuni iliyopo hapa chini inaonyesha vizuri zaidi.

Taa ya injini ikiwaka kwa kupepesa, zima. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye masega (kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi) na kuyayeyusha.

## Hatua ya 1: Tazama mshale kabla ya kufungua boneti

Washa gari, iache ifike joto la kawaida, zima AC, weka P. Sasa tazama mshale wa RPM kwa dakika mbili nzima bila kugusa kitu. Kwenye injini hizi silensa ya moto ni karibu RPM 700.

Mshale umetulia tuli lakini gari inatetemeka, hasa ukiwa D na mguu kwenye breki. Huenda injini haina kosa. Kagua mauntini za injini na kile kiungo kifupi kilicho juu, nyuma ya injini, kinachoizuia isiyumbe. Mipira yake ikipasuka, gari hutetemeka hata kama injini inachoma vizuri.

Mshale unapanda na kushuka kwa mawimbi, mathalani 500 hadi 1,200 na kurudi. Mara nyingi ni hewa inayoingia bila kupimwa, au throto chafu. Zingatia hatua ya 4, 5 na 6.

Mshale unadunda kidogo bila mpangilio na unahisi "tuk… tuk" kwenye kiti. Hiyo ni misi. Silinda moja haichomi vizuri. Hatua ya 7 inakusubiri, lakini usiruke zilizo katikati.

Inazima tu unapoachia mafuta ghafla. Nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Neno kwa aliyehamia Subaru juzi: ule muungurumo wa "bubu-bubu-bubu" kwenye ekzosi si misi. Unatokana na mabomba ya kutolea moshi kutokuwa na urefu sawa kati ya upande mmoja wa injini na mwingine. Kuna mtu alifungua injini kwa sababu ya sauti hiyo.

## Hatua ya 2: Isomeshe kompyuta, lakini isome vizuri

Subaru nyingi za toleo la Japani za kipindi hiki haziitikii kile kifaa kidogo cha bluetooth cha bei rahisi kikitumiwa na programu za kawaida, kwa sababu kompyuta zao zinazungumza lugha ya Subaru yenyewe. Kikikataa, usihitimishe kwamba kompyuta imekufa. Tafuta kebo ya USB aina ya KKL na kompyuta ndogo yenye FreeSSM au RomRaider. Zote mbili ni programu za bure.

Andika kodi zote (namba za makosa) kabla ya kufuta chochote. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenye misi, P0300 ni misi inayohamahama, P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, P0172 ni mafuta mengi kuliko hewa.

Ila utajiri uko kwenye namba zinazotembea, siyo kodi. Tazama nne hizi injini ikiwa ya moto:

STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kufidia kosa inaloliona. Kati ya −5 na +5 ni afya njema. Sasa soma mara mbili: kwenye silensa, kisha shikilia RPM 2,500. Ikiwa silensa inasoma +15 na kwenye 2,500 inashuka karibu na sifuri, una hewa inayovuja kuingia. Uvujaji uleule ni sehemu kubwa ya pumzi ya injini iliyotulia, lakini ni tone tu injini ikivuta kwa nguvu. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyoongeza RPM, shuku mafuta kutofika ya kutosha au sensa ya hewa chafu. Ikiwa ni hasi kubwa, mafuta yanazidi.

Sensa ya hewa. Kwenye silensa ya moto injini ya lita 2 huvuta takribani gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde.

Presha ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa). Washa swichi bila kuwasha injini: inapaswa kusoma presha ya hewa ya mahali ulipo. Dar, Tanga au Mombasa ni kama kilopaskali 101; Nairobi na Mbeya ni kama 83, kwa ajili ya mwinuko. Ukiwasha injini ikapata moto, ishuke hadi 30 na kitu, isizidi 40 kwa mbali. Hapa watu wa nyanda za juu hudanganywa na geji za mshale. Geji hiyohiyo inayoonyesha inchi 19 za vakyumu Dar itaonyesha kama 14 Mbeya, na injini ni nzima kabisa.

Joto la maji. Asubuhi kabla ya kuwasha, lilingane na joto la hewa. Likisoma nyuzi 10 injini ikiwa ya moto, kompyuta inaimwagia mafuta kama ya baridi.

## Hatua ya 3: Vya bure kwanza

Pima betri: injini ikiwaka, volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo rekebisha umeme kabla ya kuendelea, maana koili na sensa zote zitakudanganya.

Toa eya klina uitazame. Kisha kagua kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha oili. Injini hii huvuta mvuke wa ndani yake yenyewe, kwa hiyo kijiti kisichokaa sawasawa ni tundu la hewa. Nimewahi kuponya gari kwa kusukuma kijiti chini kwa kidole gumba. Mwenyewe alikuwa amekuja na bajeti ya injini nyingine.

Mwisho, zungusha mkono kwenye kila klipu ya mpira kuanzia boksi la eya klina. Kaza zilizolegea.

## Hatua ya 4: Hewa ya magendo

Hapa ndipo magari mengi yanaponea, basi tukae.

Sensa ya hewa iko mara baada ya boksi la eya klina. Ichukulie kama mizani ya Vigwaza: kila lori lipite, lipimwe, ndipo kompyuta ipange mafuta kulingana na mzigo. Hewa inayoingia baada ya mizani kupitia ufa wowote ni magendo ya njia za panya. Imo ndani ya injini lakini haimo kwenye hesabu. Mafuta yanakuwa machache, silensa inayumba.

Turbo inaleta kizaazaa cha pili. Mpira uliopo kati ya mizani na turbo unavuta kila wakati, kwa hiyo ufa wake ni magendo saa zote. Mipira ya baada ya throto inavuta kwenye silensa, lakini turbo ikisukuma, inapuliza nje. Hewa iliyokwisha kupimwa inapotea njiani, mafuta yanazidi, na unaona moshi mweusi ukikanyaga. Ndiyo maana gari moja inaweza kuwa na njaa ya mafuta kwenye silensa na kuvimbiwa nayo barabarani. Fundi asiyejua hili atahangaika wiki nzima.

4a. Kuminya. Injini ikiwa silensa, tumia plaisi iliyofungwa kitambaa kuminya mipira midogo mmoja mmoja. Ukiminya ule wa vali inayovuta mvuke wa tangi silensa ikatulia, vali hiyo imekwama wazi. Ukiminya ule mnene unaokwenda sevo ya breki silensa ikatulia, sevo inavuja. Thibitisha kwa kukanyaga breki na kuona kama silensa inabadilika.

4b. Kipimo cha presha. Injini imezimwa na imepoa. Toboa kifuniko cha PVC, ingiza vali ya tairi, ikaze. Fungua mpira unaotoka kwenye sensa ya hewa kuelekea turbo, na katika mdomo wake ingiza kifuniko chako na kukifunga kwa klipu. Chukua kipimo cha mdomo kabla ya kwenda dukani. Kama throto ni ya kebo, mwambie mtu akanyage mafuta kidogo ili hewa ipite hadi manifoldi.

Jaza upepo taratibu. Psi 5 inatosha. Usivuke 7: hewa inaingia pia kwenye tumbo la injini kupitia mipira ya mvuke, na sili za oili hazikuumbwa kwa presha kubwa.

Utasikia kelele. Mlio hafifu kutoka ekzosi au karibu na kifuniko cha oili ni wa kawaida, kwa sababu daima kuna vali fulani za silinda zilizo wazi. Unachotafuta ni "fsss" yenye mahali. Pulizia maji ya sabuni, angalia mapovu, kwa mpangilio huu:

1. Mpira mkubwa unaopita chini ya manifoldi kwenda kwenye turbo. Joto hukausha tumbo lake na hupasukia upande usioonekana. Tumia kioo na tochi. Huyu ndiye aliyenila mimi.
2. Mipira ya intakula: unaopokea kutoka turbo na unaoingia throto.
3. Gasketi ya vali ya kupumulia (ile ya hatua ya 5), ubavuni mwa intakula.
4. Mipira ya mvuke wa injini iliyopo nyuma na chini ya manifoldi. Ikiguswa inakatika kama biskuti.
5. Mipira myembamba ya kidhibiti presha ya mafuta na ya turbo.
6. Oringi za nozeli na gasketi za manifoldi, pande zote mbili.

Mpira mgumu kama plastiki badilisha hata kama hauvuji leo. Usipake silikoni ya madirishani. Ina siku tatu, kisha kipande kinang'oka na kusafiri kuelekea injini.

Umefaulu ukiona: geji inashikilia psi 5 kwa sekunde kadhaa ukiacha kujaza badala ya kuanguka papo hapo, ukiwasha, LTFT inarudi kati ya −5 na +5 baada ya safari fupi.

## Hatua ya 5: Ile "pshhhh" unayoipenda

Subaru ilitoka kiwandani na vali ambayo, ukiachia mafuta, inarudisha hewa ya ziada kwenye mpira wa kabla ya turbo. Vijana wanaiondoa na kuweka inayotupa hewa nje ili gari ipige chafya ikipita mtaani. Sauti ni tamu, sibishi. Lakini hewa ile ilishapita mizani. Kompyuta imeitengea mafuta, hewa ikatupwa nje, mafuta yakabaki peke yake. Gari inalowa na kuzima ukifika kwenye taa.

Baya zaidi, nyingi za bei rahisi zina springi dhaifu. Vakyumu ya silensa inatosha kuzifungua, na sasa mdomo ule unavuta hewa na vumbi vya mtaani moja kwa moja hadi kwenye throto.

Jaribio: rudisha ya kiwandani. Kama huna, ziba mdomo kwa sahani ya bati na gasketi, washa gari ikiwa imesimama tu, usiiendeshe hivyo. Silensa ikitulia umepata jibu. Hata ya kiwandani huchoka: ifungue, ivute vakyumu kwa mdomo kupitia kijibomba chake cha juu, uzibe kwa ulimi. Isiposhikilia, kiwambo chake kimechanika.

## Hatua ya 6: Sensa ya hewa na throto

Toa sensa ya hewa kwa bisibisi. Pulizia dawa yake mara kumi hivi kwenye vinyuzi vilivyo ndani, iache ikauke yenyewe. Usiguse kwa kitambaa, pamba wala kidole. Vinyuzi ni vyembamba kama unywele. Wenye eya klina za kupakwa oili ndio wateja wakubwa wa hatua hii.

Throto ikiwa na kebo, utaona pia vali ndogo ya silensa juu yake yenye soketi ya umeme. Masizi yakiigandisha, gari inawaka kwa shida asubuhi na kuzima ukiwasha AC. Itoe, ioshe kwa dawa ya throto, weka gasketi mpya. Throto isiyo na kebo ni ya umeme: chomoa betri kwanza, na usilisukume lile bapa kwa nguvu, gia zake ni za plastiki.

Usiguse skrubu ya kuzuia throto ili "kupandisha silensa". Ukiipandisha unaficha ugonjwa, na fundi atakayefuata atakuwa anapima uongo.

Umefaulu ukiona: ukiwasha AC, mshale unazama kidogo na kurudi mara moja.

## Hatua ya 7: Plagi na koili

Injini hii imelala ubavu, kwa hiyo plagi ziko pembeni karibu na kuta za gari. Silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva, 2 na 4 upande wa abiria. 1 na 2 ndizo za mbele karibu na rejeta. Ondoa boksi la eya klina kwa upande mmoja, betri na chupa ya maji ya wipa kwa mwingine. Tenga nusu siku, na matusi machache.

Kabla ya kuchomoa chochote, tafuta silinda iliyolala. Injini ikiwa silensa, chomoa soketi ya umeme ya koili moja, sikiliza sekunde chache, rudisha. RPM ikishuka, silinda hiyo ilikuwa kazini. Isiposhuka, ndiyo hiyo. Usivute koili yenyewe kutoka kwenye plagi injini ikiwaka. Umeme wake unaweza kukurusha.

Hamisha koili ya silinda iliyolala kwenda kwa jirani yake wa upande huohuo. Misi ikihama nayo, nunua koili moja. Moja! Isipohama, toa plagi:

- Kavu na nyeusi kama masizi: mafuta yanazidi. Nenda hatua ya 8.
- Nyeupe kama chokaa: hewa ya magendo bado ipo, au nozeli imeziba.
- Imelowa oili kwa nje, kwenye kauri: sili za matundu ya plagi kwenye kava la vali zimechoka. Ugonjwa wa kawaida sana. Badilisha sili na gasketi za kava pamoja.
- Imelowa oili upande wa ndani, ile ncha: nenda hatua ya 10.

Plagi za kiwandani kwa injini nyingi za aina hii ni NGK PFR6G, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Turbo inapenda mwanya mdogo. Ukiweka wa gari ya kawaida cheche inazimwa na presha. Plagi bandia zimejaa, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayeweza kumrudia. Kaza kwa mkono hadi ikae, kisha torki ya Nm 21.

## Hatua ya 8: Mafuta

Anza kwa kuchomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye kidhibiti presha ya mafuta. Ukinusa petroli ndani yake au ukaona tone, kidhibiti kimepasuka na injini inakunywa mafuta kupitia mlango wa nyuma. Hilo halihitaji kipimo kingine.

Kwa geji: presha iwe kama psi 43 mpira huo ukiwa umechomolewa, na ishuke hadi psi 30 na kitu ukirudishwa. Ikiwa chini, badilisha filta ya mafuta kabla ya kuhukumu pampu. Ukizima gari, presha isianguke ghafla; ikianguka na gari inasumbua kuwaka ikiwa ya moto, huenda nozeli inadondosha.

Na kama ugonjwa ulianza siku ileile uliyojaza kituo usichokizoea, anza na tangi. Mafuta yaliyochakachuliwa hayaponywi kwa koili.

## Hatua ya 9: Waongo wadogo

Ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya mbele ya oksijeni, hewa ya nje huingia na sensa hupiga kelele kwamba mafuta ni machache, hali si kweli. Sikiliza "tsi-tsi-tsi" asubuhi gari ikiwa ya baridi, sauti inayopotea ikipata moto. Ufa huohuo, ukiwa kwenye bomba linalopanda kwenda turbo, unaeleza pia gari isiyo na nguvu chini ya RPM 2,500: moshi wa kuzungusha turbo unatorokea njiani. Ikiwa silensa yako ni nzuri ila ukianza mwendo gari ni zito, rudia 4b, kisha tafuta ufa huu.

Nyingi za toleo la Japani zina mfumo wa kubadilisha taimingi ya vali, AVCS. Kwenye silensa nyuzi zake (digrii) kwenye kompyuta ziwe karibu na sifuri pande zote mbili. Upande mmoja ukisoma tofauti, oili chafu imeziba kichujio kidogo cha mfumo huo au vali yake imekwama. Mwaga oili, weka safi, safisha vichujio, ndipo ufikirie kununua.

## Hatua ya 10: Kompresheni na belti

Kama umefika hapa na silinda ileile bado imelala, azima geji. Injini ya moto, plagi zote zimetolewa, soketi za koili na nozeli zimechomolewa, betri imejaa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Piga stata hadi mshale uache kupanda.

Usihangaike sana na namba yenyewe, maana Mbeya itakuwa chini kuliko Dar. Linganisha silinda nne. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Dondosha kijiko cha oili katika silinda dhaifu ukiwa umeiachia muda isambae, urudie. Ikipanda sana, ringi au pistoni, isipopanda, vali. Kwa injini iliyolala jaribio hili si sahihi kama kwenye injini iliyosimama, hivyo lithibitishe kwa kipimo cha kuvujisha: upepo unaingizwa kwenye silinda na kusikilizwa unakotokea. Kifuniko cha oili ni ringi, ekzosi ni vali ya kutolea, throto ni vali ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya kichwa.

Zote nne zikiwa chini kwa usawa, na ugonjwa ulianza baada ya belti ya taimingi kubadilishwa, fungua kava uhesabu alama. Jino moja linatosha kuharibu silensa. Usiendelee kuiwasha ukijaribu: kwenye injini hii belti ikiruka zaidi, vali na pistoni hugongana.

## Ukishamaliza

Chomoa betri dakika 15 ili kompyuta isahau marekebisho ya zamani. Rudisha, washa, na uiache silensa kama dakika 10 bila kugusa mafuta wala AC. Itayumba mwanzoni, iache ijifunze. Kisha washa AC, taa, zungusha usukani ukiwa umesimama, weka D.

Endesha siku tatu kawaida, foleni na barabara kuu. Asubuhi ya nne soma tena LTFT kwenye silensa na kwenye 2,500, uandike chini ya zile za mwanzo. Zote mbili zikiwa ndani ya 5, funga daftari. Ikiwa ya silensa peke yake imeanza kupanda tena, bado kuna mpira mmoja haujauona. Rudi 4b, na safari hii tumia kioo.